Gurudumu Linalokohoa

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa reli, na kila akiyasimulia huwa hanitazami usoni.

Kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo na kusikiliza. Gurudumu zima, kwa lugha yao, linaimba. Lenye ufa linakohoa, na hilo huchorwa msalaba wa chaki ili behewa lisiondoke. Siku moja mvua ilimchosha, akaliruka behewa la mwisho, akamwambia dereva wa treni, "Twende, yote yanaimba."

Njiani gurudumu likapasuka. Behewa lilipinduka na mwenzake wa kazi, aliyepanda humo kurudi nyumbani. Rafiki yangu hakumwambia mtu kwamba aliliruka, hata mjane wa marehemu alipomshika mkono msibani na kumshukuru kwa kuja.

Mwaka ukapita. Mchana mmoja msimamizi alimtuma karakana ya zamani akachukue jeki. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mabati, ndani giza totoro. Akiwa anapapasa, akasikia nyundo kwenye mabehewa mabovu. Ting. Kimya. Ting. Kila gurudumu liliimba, na mgongaji alizidi kusogea.

"Nani hapo?"

Nyundo ikanyamaza nyuma yake. Akagongwa mgongoni, taratibu, kama mtu anayepima chuma. Kikohozi kikavu kikamtoka, wala hakuwa na mafua.

Alitoka mbio bila jeki. Nje, msimamizi alimgeuza amkung'ute vumbi, akasita.

"Bwana wee, nani kakuchora msalaba wa chaki mgongoni?"