Majogoo wa Mjomba Anelus

Kila Jumamosi, baada ya kahawa na mkate, Wislande alivuka barabara na kuingia karakana ya Mjomba Anelus, katika mji wa Jacmel. Kazi yake ilikuwa kuchana mifuko ya saruji, maana karatasi yake ndiyo hutumika kutengenezea vinyago vya kanivali.

Mwaka huu kundi la kanivali la mtaani liliagiza vinyago vya majogoo. Kazi ikikubaliwa, wafanyakazi wote wangeandamana na kundi, hata Wislande mwenye miaka kumi na miwili. Aliitamani siku hiyo mpaka usingizi ukampaa.

"Leo utabandika," Mjomba alimwambia, akamsukumia kalibu ya udongo yenye umbo la jogoo. "Upesi!"

"Nianzeje, Mjomba?"

"Kwani huna macho? Tazama wenzako!"

Wislande alitazama, akapaka karatasi gundi ya wanga wa muhogo, akabandika. Kinyago kilipokauka kiligoma kutoka kwenye udongo. Alipokivuta, kikachanika.

"Mikono ya gogo!" Mjomba alifoka.

Cha pili kikachanika vilevile. Cha tatu alijaribu kukipanua mdomo ili jogoo aonekane anawika. Mjomba akaubomoa.

"Nani amekutuma ubunifu? Fanya nilivyosema!"

"Hujasema kitu," Wislande alinong'ona. Tangu hapo alibandika ilimradi siku iishe. Wenzake, waliofokewa miaka yote, walifanya hivyohivyo.

Bi Yolen, kiongozi wa kundi, alipokuja kukagua, aliinua kinyago kimoja akakirudisha mezani.

"Anelus, hawa ni majogoo au kuku wagonjwa wa kideri? Siwachukui. Nakupa wiki moja."

Mjomba akamgeukia Wislande. "Umeona ulivyoniaibisha?"

"Ulimfundisha lini?" Bi Yolen aliuliza.

 Mgeni alipoondoka, Mjomba alivuta kigoda akaketi karibu na Wislande.

"Karatasi ya kwanza huloweshwa maji matupu," alisema kwa sauti ndogo. "Gundi huanzia ya pili. Hapo haishiki udongo."

Wislande alitamani kulia kwa hasira. Jambo dogo kama hilo!

"Ukishabandika, malizia upendavyo," Mjomba aliongeza. Akawaambia na wengine vivyo hivyo.

Wiki iliyofuata, Bi Yolen aliinua jogoo wa Wislande. Jogoo huyo alikuwa amenuna, nyusi nene zimekutana, mdomo wazi anafoka. Wafanyakazi walimtupia Mjomba jicho, wakainama kuficha kicheko.

"Huyu namjua!" Bi Yolen aliangua kicheko. "Nawachukua wote. Huyu atatangulia mbele, na aliyemtengeneza ndiye atakayemvaa."

Mjomba alijipapasa nyusi zake nene, kisha naye akacheka.

"Nilikudai kazi ambayo sikukufundisha," alimwambia Wislande. "Fundi anayefoka bila kuonyesha hupata mikono ya watu tu, akili zao hazipati. Na wewe, usipoelewa, uliza tena."

"Hata ukinuna?"

"Hasa nikinuna. Haya, nionyeshe, hizo nyusi umezitengenezaje?"