Taifodi ya Kila Mwezi

Asubuhi za Julai, ukungu hulala juu ya mabati ya mtaa wa Kabiria. Munyiva, msichana wa miaka ishirini, aliupenda. Ulifanana na vitambaa vyeupe alivyoshona kazini, katika duka la mapazia pale Adams Arcade.

Lakini leo alikuwa amejikunja kitandani. Maumivu yalianza chini ya kitovu, yakavuta hadi mgongoni. Alifumba macho, akaona mapazia marefu yakipepea mahali pasipo na dirisha. Kwa mbali alimsikia mama yake, Mukai, akimimina maji moto kwenye chupa.

"Weka tumboni. Ni ile taifodi imerudi."

Kliniki ya mtaani ilikuwa imemtibu taifodi mara nyingi. Kila dawa zilipoisha, maumivu nayo yalikuwa yameisha. Kwa hiyo waliziamini.

Jirani yao Annah, muuguzi, aliingia kumjulia hali.

"Sista, nitafutwa," Munyiva alinong'ona. "Boss Haron amesema nikikosa tena, nisirudi. Ananicheka eti, 'Taifodi gani hii inakuja kila mwezi kama mwenye nyumba anayedai kodi?'"

Annah hakucheka. "Ameuliza vizuri. Huja na hedhi?"

Munyiva aliangalia ukuta. "Kila mara."

"Hata mimi niliumwa," Mukai alisema. "Akizaa yataisha."

"Mama Munyiva, kuzaa si dawa. Kuumwa kidogo ni kawaida. Kuangushwa kitandani kila mwezi si kawaida."

"Sasa ni nini?"

"Huenda ni endometriosisi. Ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando. Kwa wengine, utando kama huo huota nje ya mfuko. Hedhi ikifika, huvimba na kuuma. Lakini inaweza kuwa uvimbe, au maambukizi. Tusikisie. Apimwe."

Annah alimpigia Haron simu, akamweleza kwamba msichana ni mgonjwa kweli. Haron alinung'unika, akakubali kungoja.

Hospitalini, daktari alimuuliza Munyiva maumivu huanza lini na huisha lini. Kisha Munyiva akapigwa picha ya tumbo. Haikuonyesha kitu.

"Basi ni mzima!" Mukai alisema.

"Hapana, mama," daktari alijibu. "Mabaka madogo ya utando ulioota nje ya mfuko wa uzazi yanaweza kujificha. Tutaangalia kwa kamera nyembamba, kupitia tundu dogo kwenye kitovu. Atakuwa amelala."

Katika usingizi wa dawa, Munyiva aliyaona tena mapazia. Safari hii yalifunguka polepole, na nyuma yake palikuwa na dirisha.

Mabaka yalikuwepo. Daktari aliondoa aliyoweza, akampa vidonge vya homoni. "Yanaweza kurudi," alisema. "Usiache kuja kliniki."

Miezi ikapita. Haron alisimama kando ya cherehani. "Munyiva! Mwezi huu mwenye nyumba hajaja?"

"Alikuja, boss," Munyiva alijibu, kitambaa cheupe kikiteleza chini ya sindano. "Alibisha tu, akaenda zake."