Mgeni wa Saa Kumi

Kuna mtu alikuwa amechota mafuta. Lilianza hivyo, kwa jambo dogo ambalo ungeona haya hata kumsimulia jirani. Dorotea alifungua kopo lake la mafuta ya kujipaka, yale anayochanganya mwenyewe na gilisalini na limao, akakuta alama ya kidole katikati, ndefu na nyembamba kuliko kidole chake chochote. Jana yake alikuwa amepasawazisha pale kwa kijiko. Na anaishi peke yake, na mlango aliukuta na kufuli lake.

"Nimeanza kuzeeka," akajisemea, akajipaka, yakaisha.

Angechunguza vipi, na uchovu ule? Mwaka ule baada ya mvua za El Nino, viwanda vya samaki vya Mwanza vilikuwa vinatafuna watu, jamani. Unasimama tangu alfajiri mpaka saa tisa, miguu kwenye mabuti ya mpira, mikono kwenye barafu, unatoa minofu ya sangara iende Ulaya, wewe unarudi nyumbani na harufu. Dorotea alikuwa na mwaka wa nne kwenye meza ile. Mume alishakwenda zake Geita kutafuta dhahabu, hakurudi, na wala hakuombwa arudi.

Kwa hiyo saa kumi jioni ilikuwa yake. Anafika Mkolani, anajitupa kwenye kochi na kutoa "Aaah!" moja ambayo Bushra, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa akiisikia na kujua shoga yake karudi. Kisha anaoga kwa limao mpaka samaki atoke kwenye kucha. Anajipaka mafuta taratibu, kisigino mpaka shingo. Anabandika wali wa Magu na mchicha wa karanga. Anaondoa kitambaa alichokifuma mwenyewe juu ya televisheni yake ya inchi kumi na nne, anatazama chochote kinachoonyeshwa, na akichoka picha anafungua riwaya ya mapenzi na mauaji aliyoazima kwa Bushra. Basi. Wengine wana mashamba, wengine wana wajukuu. Yeye alikuwa na jioni.

Jumatatu alikuta kibanio cha nywele alichokiacha ukurasa wa arobaini kimehamia ukurasa wa sabini na moja, na pembeni pana doa la mafuta. Jumatano umeme ulikuwa umekatika Mkolani nzima tangu asubuhi, lakini alipoigusa televisheni ilikuwa ya moto, na kitambaa chake kimekunjwa vizuri juu ya kiti, mara nne, kama na mtu aliyelelewa. Alhamisi akapika, akaonja, akaongeza chumvi, akaonja tena. Hakuna kitu. Ni sawa na kutafuna gazeti.

Akampelekea Bushra bakuli.

"We! Huu mchicha umeuweka nini?" Bushra akalamba kijiko. "Mtamu ajabu."

"Wewe unausikia?"

"Nausikia mpaka utosini. Kwani wewe huusikii?"

Dorotea alitamani kulia, na si kwa woga bado, ni kwa uchungu tu, maana mtu akikuibia redio utamshtaki, lakini akikuibia utamu wa mboga unakwenda kusema nini polisi?

Ijumaa ndipo alipoogopa. Alikuwa kwenye kochi, jua bado lipo dirishani, watoto wanacheza rede nje, naye ameshika riwaya bila hamu, macho yanapita juu ya maneno wala hayaingii, ndipo akasikia harufu ya limao na gilisalini, akadhani ni yake mwenyewe mpaka alipokumbuka kwamba hajaoga bado na ananuka samaki, na harufu ile ilikuwa inatoka nyuma ya shingo yake, imechanganyika na ubaridi wa jiwe lililotoka majini, ikasogea, ikasogea, mpaka pumzi ya mtu ikamgusa sikio, na sauti ya mwanamke, ya chini, yenye adabu zake zote, ikasema:

"Funua dada. Huo nimeshausoma."

Alitoka na kiatu kimoja.

Bushra hakuuliza mengi. Alimpeleka kwa shangazi yake, Bi Mboni, mama wa Kiislamu anayejulikana mji mzima kwa kusomea watu wenye majini, na mwenye ukali wa kutosha kuwaogopesha wagonjwa na majini kwa pamoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa. Umekula na nani karibuni?"

"Nakula peke yangu, mama."

"Fikiri vizuri."

Dorotea akafikiri. Kweli, wiki mbili nyuma, saa ya chakula, alikaa kwenye mawe nyuma ya kiwanda na kibakuli chake. Mwanamke mmoja alipanda kutoka ziwani, kanga mbili, akasimama kumtazama. Dorotea akasema "Karibu," kama mtu yeyote angesema.

"Naye akasema asante, endelea kula?"

"Hapana." Sauti ya Dorotea ikapungua. "Alisema, 'Haya, nimekaribia.' Nikainama kumpisha nafasi, nilipoinuka sikumwona. Na mama... alitoka majini, lakini kanga zilikuwa kavu."

Bushra akajifunika mdomo. Bi Mboni akashusha pumzi.

"Watu elfu huambiwa karibu, wakashukuru, wakapita. Huyu wako kakubali. Sasa nikimpiga visomo atalalamika kwamba wewe ndiye uliyemwita, na ana haki. Mpikie, mpake mafuta, mwekee televisheni, msomee hiyo hadithi mpaka mwisho. Halafu umsindikize mpaka kwenye maji. Na hapo mpe zawadi ya safari, atakayoitaja mwenyewe. Ila usitoe damu, usitoe roho, usitoe mtu. Umenisikia?"

"Nimesikia mama."

Jumapili alifanya yote. Alipika kwa sahani mbili, ya pili ikapungua bila mkono. Alisoma kurasa mia zilizobaki kwa sauti mpaka koo likakauka. Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, akafungua mlango na kusema, "Twende nikusindikize, dada." Nyayo zikamfuata. Bi Mboni aliwatangulia na chetezo cha ubani mpaka nyumba ya mwisho, akasimama hapo akisoma kimyakimya. Dorotea akaendelea peke yake mpaka kwenye mawe ya ziwa, na alipogeuka mgeni alikuwa anaonekana wazi: kanga zilezile, ngozi laini yenye kung'aa mafuta yake, macho makavu yasiyopepesa.

"Umenipokea vizuri," mgeni akasema. "Lakini kuna kitu umenificha."

"Sijakuficha kitu mimi."

"Nimekaa kiti chako. Nimekula, nimesoma, nimejipaka, nimetazama. Wewe ukiingia unakaa tu, hujagusa chochote, unasema 'Aaah.' Mimi haikunijia hata siku moja. Kuna kitu unakuja nacho kutoka kazini. Nipe hicho."

Dorotea akacheka, kicheko cha mtu aliyesimama miaka minne. "Uchovu? Uchovu ndio unautaka?" Si damu. Si roho. Si mtu. "Chukua, dada! Chukua wote, na wa kesho chukua!"

Kitu kikamtoka kuanzia visigino. Alirudi Mkolani anakaribia kukimbia, na usiku ule mchicha ulikuwa na utamu wake wote, akala sahani tatu, akalia kwa furaha mpaka Bushra akaja kulia naye.

Kisha hakulala. Wala haikumsumbua siku ya kwanza; aliazima riwaya nyingine, akaimaliza, akaanza ya tatu. Siku ya nne alikuwa amemaliza riwaya zote za Bushra. Kazini meza yake ilikuwa ya kwanza kuisha, msimamizi akampa ya pili. Saa kumi aliingia ndani, akakaa kwenye kochi, akaingoja ile "Aaah." Haikuja. Aliinuka, akakaa tena. Kochi lilikuwa mbao na sponji. Mafuta yalikuwa mafuta, wali ulikuwa wali, mtamu sawa, lakini alikula kama mtu anayejaza gunia. Usiku alilala macho wazi akihesabu mabati, na mwili ukamwambia kwamba hauna haja ya kitu chochote, leo wala milele.

Siku ya tisa alfajiri alikwenda ziwani akikimbia, hakuhema hata kidogo.

Mgeni alikuwepo, amejikunja juu ya jiwe, kanga zimemtoka mabegani, mikono inanuka sangara. Anakoroma.

"Dada!" Dorotea akapiga magoti, akamtikisa. "Dada, amka, nirudishie. Nirudishie hata nusu. Nakuomba, nirudishie hata wa siku moja!"

Mgeni akafungua jicho moja, jekundu, zito.

"Niache kidogo, mwenzangu," akasema. "Nimechoka." Akageukia upande wa pili.