Paka Aliyebebwa Gizani

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani. Bintiye alimwomba kila siku wafuge paka, naye akimjibu, "Manyoya yatajaa kwenye nguo za watu!" Mtoto akafariki, mama akabaki peke yake.

Siku moja alitoka kununua uzi, akarudi na mtoto wa paka aliyemwokota mtaroni, mguu umevunjika. Akamlaza kikapuni chini ya cherehani. "Tulia, mwanangu. Hapa ni kwenu."

Jioni umeme ukakatika. Gizani akamsikia akikoroma kwa raha. Kisha mkoromo ukapanda kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno chake, ukajiendea taratibu mpaka chumba cha marehemu. Mlango ukafungwa polepole, kama bintiye alivyoufunga siku zote alipokuwa na kitu cha kumficha mama yake.