Kilo za Abiria

Kengele ya mkanda ilianza kulia saa nne asubuhi, na ndani ya gari hapakuwa na mtu.

Gereji ile haikuwa ngeni kwa kelele. Ilikuwa na watu watatu tu, na kila mmoja alikuwa na mdomo wa watu wawili. Fundi mkuu aliitwa Mkurugenzi, cheo alichopewa na mkewe siku waliyofungua, kwa dharau na mapenzi kwa pamoja. Mkewe ndiye aliyekuwa fundi wa viti. Wa tatu alikuwa mdogo wake Mkurugenzi, fundi umeme, ambaye mtaa mzima ulimwita Shoti, kwa sababu ambazo watu wa bima wasingependa kuzisikia.

Kazi yao ilikuwa kufufua magari ya zamani ya porini, yale masanduku ya chuma yenye sura ya ugomvi. Nje gari hubaki vilevile kama lilivyotoka kiwandani enzi za babu. Ndani huwekwa injini mpya, usukani laini unaozungushwa kwa kidole, kiyoyozi, skrini, na kila upuuzi ambao mwenye pesa anaweza kuuota. "Tunamvalisha bibi kizee raba za kukimbilia," Mkurugenzi alipenda kuwaambia wateja, akicheka yeye mwenyewe kabla hawajaamua kama wacheke.

Gari la safari hii lilikuwa la wapima ardhi, lililolala ghalani miaka arobaini. Walilivua hadi chesisi. Walilipachika bomba la hewa, lile linalopanda kando ya kioo hadi juu ya paa ili injini ivute pumzi hata gari likivuka maji. Walibadili karibu kila kitu isipokuwa fremu ya kiti cha abiria, kwa kuwa kanuni ya gereji ilikuwa moja: cha asili kinachookoleka hakitupwi. Mke aliisugua kutu springi moja baada ya nyingine, akaivika ngozi mpya, na alipochomwa na sindano alifuta damu kwa kitambaa akaendelea kushona.

Shoti naye akatia sensa chini ya viti vyote, zinazoonyesha uzito wa kila aliyeketi, kwenye skrini na kwenye simu yake.

"Mteja anataka nini na kilo za watu?" Mkurugenzi alimuuliza.

"Usasa huo, kaka."

Walizijaribu kwa kumkalisha mke. Skrini ikaandika sabini na nane.

"Shemeji, mashine yako ina chuki binafsi," mke alisema akishuka. "Ifute hiyo."

Sasa kengele ilikuwa inalia, na Shoti ameinama dirishani anasoma.

"Inasema kuna abiria hajafunga mkanda."

"Abiria gani?"

"Wa kilo tatu."

"Basi ni paka. Mtoe."

Walimtafuta paka chini ya kiti, nyuma ya kiti, hadi ndani ya boneti. Hakukuwa na paka. Shoti alibadili sensa, kesho yake akabadili nyingine. Kengele ililia. Siku ya tatu mteja alikuwa njiani kuja kuliona gari lake, na kichwa cha Mkurugenzi kilikuwa kinagonga kama injini isiyo na oili. Akafanya kile ambacho dereva yeyote mwenye haraka hukifanya: aliingiza mkono, akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu, akauchomeka. Tak. Kengele ikanyamaza.

"Mmeona? Huo ndio ufundi."

"Huo ni uvivu," mkewe alisema kutoka kwenye cherehani.

Wakacheka wote watatu. Ilikuwa mara ya mwisho.

Mteja aliliona gari, akaahidi kulichukua baada ya mwezi, akaondoka. Harufu ndiyo iliyotangulia. Kila kiyoyozi kilipowashwa kulinuka tope la mtoni na tumbaku iliyolowa, na Mkurugenzi alikifungua mara mbili bila kuona kitu. Kisha springi. Mchana, wakila, gari likiwa limezimwa, walisikia kiti kikilia kidogo, jinsi kinavyolia mtu anapohamisha makalio baada ya kukaa muda mrefu. Kisha zulia la upande wa abiria likaanza kulowa, mahali pawili, pale zinapokaa nyayo. Na mkanda, Mkurugenzi aliugundua siku moja alipopita na kikombe chake cha chai, haukuwa umelala juu ya ngozi. Ulikuwa umeinuka na kupinda, kama uliozungushwa mbele ya kifua. Alisimama akautazama. Akajiambia ngozi mpya ina ukakamavu wake, akaenda kuinywea chai yake nje.

"Mkurugenzi," mkewe alimwambia wiki hiyo, "sketi inanivuka."

"Si ulikuwa unaomba kupungua?"

"Niliomba kupungua. Sikuomba kuisha."

Alikuwa anakula vizuri, tena zaidi ya kawaida. Hospitali wakampima damu, mkojo, kifua, wakasema hana kitu. Pete ikawa inamtoka akinawa. Sindano ya cherehani ikaanza kumshinda, si kwa maumivu, bali kwa sababu mguu wake haukuwa tena na uzito wa kukanyaga pedeli.

Ni Shoti aliyegundua. Alimvuta kaka yake nyuma ya rundo la matairi, mahali walipozoea kusemea siri tangu gereji ifunguliwe, akamwonyesha simu.

"Angalia kiti cha abiria. Kilo kumi na nne."

"Mashine mbovu hiyo."

"Kaka. Shemeji leo asubuhi nimempima kwenye mizani ya vipuri. Sitini na nne." Alifungua orodha ya namba. "Nimeanza kuandika tangu juzi. Akipungua mbili, kiti kinaongezeka mbili. Ukijumlisha ni sabini na nane. Kila siku ni sabini na nane."

Mkurugenzi alikwenda moja kwa moja kwenye gari akabonyeza kitufe cha mkanda. Hakikubonyezeka. Alitumia bisibisi, akatumia koleo, akachukua mkasi wa bati, na alipouweka mkasi kwenye mkanda mkewe alipiga ukelele kutoka ndani ya nyumba yao, nyuma ya gereji, ukelele wa mtu aliyekatwa, na walipomfikia alikuwa na mstari mwekundu kutoka begani hadi kiunoni.

Mganguzi aliyeletwa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na begi la kawaida, mtu ambaye ungemdhania mkaguzi wa shule. Alilizunguka gari mara moja. Akanusa. Hakugusa kitu.

"Nani aliyemfunga mkanda?"

"Mimi, bibi," Mkurugenzi alisema.

"Kwa nini?"

"Kengele ilikuwa inapiga kelele."

Mganguzi alivua miwani, akaifuta, kana kwamba amewahi kusikia ujinga lakini si wa aina hii. Akawaeleza kwa sauti ya chini, akikipa kiti kisogo. Jini huyu aliomba lifti kwa wapima ardhi. Gari likaharibika kabla hajafika, nao wakalivuta hadi ghalani bila kujua kwamba kuna mtu bado ameketi. Miaka arobaini amekaa akingoja, bila kumdhuru kiumbe. "Ungelimwacha angeendelea kukaa. Tone la damu ya sindano lilimpa zile kilo tatu tu, akakaa nazo. Lakini wewe umemfunga mkanda. Umemwambia safari ipo. Na anayesafiri anahitaji mwili. Ameuazima kwa aliyemshonea kiti."

"Mtoe, bibi. Chochote unachotaka."

"Nikimtoa kwa nguvu ataondoka na alichokwisha kuchukua. Kitakachobaki kwa mkeo hakitoshi kuishi." Alivaa miwani yake. "Mfikisheni alikokuwa anakwenda. Akishuka kwa hiari yake, kila kilo itarudi palepale. Na mwenye mwili awepo, apokee chake."

"Anakwenda wapi?"

"Mimi si kondakta, mwanangu. Yeye anapajua."

Waliondoka adhuhuri ya kesho yake. Mke, akiwa na kilo thelathini na tatu, alibebwa kama mtoto akalazwa kiti cha nyuma. Shoti alifuata na pikapu. Mkurugenzi alipowasha tu, ramani kwenye skrini ikajichora mstari mwekundu, kwenye njia ambayo haikuwamo.

Hakutazama upande wa abiria. Aliendesha saa tatu macho mbele, na kwa pembe ya jicho akiona kioo cha upande ule kikipata ukungu na kufutika, kikipata ukungu na kufutika.

"Bado kuna mtu hapo?" mkewe aliuliza.

"Yupo."

"Ni mpole, lakini. Haulizi tumefika wapi kila dakika, kama wewe."

Lami ikaisha, changarawe ikaisha, ikabaki njia ya zamani iliyoota majani, na njia hiyo ikashuka kilima na kuingia kwenye bwawa. Haikupinda. Iliingia majini moja kwa moja, na mbele, mbali, vichwa vya miti iliyokufa vilikuwa vimejitokeza juu ya maji. Kijiji au makazi au chochote alichokuwa anakwenda abiria yule, kilikuwa huko chini. Mstari mwekundu kwenye skrini uliendelea hadi katikati.

Mkurugenzi alizima hisia zote akabaki na ufundi. "Bomba la hewa lipo. Maji ya kifuani tunavuka."

"Na yakizidi kifua?"

"Ndiyo maana dereva hushuka kwanza akapima."

Mkewe alijiinua kwa kiwiko akayatazama maji. Springi za kiti cha mbele zililia; mtu alikuwa anajiweka sawa.

"Basi shuka ukapime, Mkurugenzi," alisema. "Pole pole. Usije ukateleza ukaniaibisha mbele ya mgeni."

Alishuka, akaiacha injini inanguruma. Akakata fimbo, akaingia. Maji ya magoti, ya mapaja, ya kiunoni, chini bado njia ngumu ya mawe, na akaanza kupata tumaini, tumaini dogo la kipumbavu. Hatua moja mbele fimbo ikazama yote na mkono wake ukazama nayo, na haikugusa kitu.

Aligeuka ili aseme haiwezekani.

Gari lilikuwa linakuja. Lilikuwa linakuja taratibu, kwa gia ya kwanza, jinsi yeye mwenyewe alivyomfundisha mkewe kuingia majini miaka ile walipokuwa wanajaribu magari pamoja, bila kuchafua maji, bila kurusha wimbi, na nyuma ya usukani ule laini unaozungushwa kwa kidole alikuwa mkewe, mdogo kama mtoto aliyepanda kiti cha baba yake, mikono miwili juu, midomo ikitembea kwa sababu alikuwa anaongea na aliyeketi kando yake, na kando yake mkanda ulikuwa umekumbatia hewa na kioo kilikuwa na ukungu, na Mkurugenzi akapiga mlango kwa ngumi, akaning'inia kwenye kitasa kilichofungwa, akapiga kelele jina ambalo hakuwahi kulitumia gereji, na mkewe akamtazama mara moja tu, lile jicho la kumaliza ubishi, kisha akarudisha uso mbele, na maji yakampokonya kitasa mkononi, yakafunika boneti, yakafunika vioo, yakafunika paa, hadi likabaki bomba la hewa peke yake likienda juu ya maji, likivuta pumzi, mbali, mbali zaidi, mpaka nalo likazama, na bado ngurumo ya injini ilisikika.

Shoti alimtoa majini kwa kumburuta.

Walikaa kwenye majani, wamelowa, jua likiwa bado lipo. Kisha simu ya Shoti ikalia mlio wake mdogo. Aliisoma, akairudia.

"Chini ya maji hakuna mtandao," alinong'ona. "Haiwezekani, kaka."

"Inasema nini?"

"Mkanda umefunguliwa. Kiti cha abiria, sifuri." Alimgeuzia kaka yake skrini. "Kiti cha dereva, sabini na nane."

Mkurugenzi aliipokea simu akaitazama ile namba. Kila kilo ilikuwa imerudi. Jini alikuwa amefika, ameshuka, amerudisha deni lake kiungwana, na mke wake alikuwa mzima kabisa, ameketi chini ya bwawa lisilo na kina kinachopimika, injini ikiwa inawaka.

"Naweza kuizima kutoka hapa," Shoti alisema, kidole kikiwa juu ya skrini. "Tuwaite watu wa kamba, wapiga mbizi, mtu yeyote. Nizime?"

"Usizime!" Alimshika mkono kwa nguvu hadi Shoti akauma meno. "Ikizimwa inavuta hewa ya wapi? Maadamu inapumua, na yeye anapumua. Usiiguse. Wapigie, lakini usiiguse."

Shoti alikimbilia pikapu, kwenye simu yake ya pili, kutafuta nani wa kumpigia. Watakuja kesho, walimwambia. Mahali pale hapana barabara.

Mkurugenzi alibaki na simu mapajani. Chini ya zile kilo palikuwa na mshale wa mafuta, na mshale ulikuwa kwenye robo. Tangi la lita tisini, alilichomelea mwenyewe. Injini ile ikiwa imesimama hula lita moja kwa saa, labda na kidogo juu yake. Alipiga hesabu, akaipiga tena kutoka mwisho kuja mwanzo, akijaribu kuipata hata saa moja zaidi, huku kutoka katikati ya maji, kwa chini sana, ngurumo ikija sawasawa, bila kukohoa, injini nzuri kuliko zote alizowahi kuzifunga.