Kisasi cha Daktari Thérèse

Kila Jumapili mwaka ule wa 2006, Merveille, msichana wa miaka kumi na miwili, alimshika mkono mdogo wake Aganze, wakashuka basi Soho Road na kwenda kusali na Wakongo wenzao waliohamia Handsworth, huko ughaibuni. Aganze alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu unaoleta maumivu makali ya mifupa. Watoto walicheza naye vizuri tu, mpaka Gisèle alipofungua mdomo wake.

"Musimuguse," Gisèle aliwaambia wenzake wa kwaya. "Nyanya yake ni mulozi. Anakula damu yake."

Tangu siku hiyo watoto waliogopa uchawi huo, Aganze akakaa peke yake. Merveille alivimba kwa hasira. Aliapa kwamba Gisèle atalipa, tena atalia.

Nafasi ikajileta yenyewe. Daktari Thérèse, mzaliwa wa Bukavu na mtu mweusi wa kwanza kuongoza utafiti wa jeni hospitalini kwake, alipima damu za waumini. Jumapili iliyofuata alileta majibu, akawa anamwita kila mzazi nyuma ya pazia. Merveille, aliyekuwa akingoja zamu na mama yake, alitega sikio. Akasikia kwamba Gisèle ana jeni moja ya selimundu.

Alikimbia ukumbini, akapanda kiti.

"Sikilizeni! Gisèle naye ana damu ya ulozi! Daktari amesema!"

Gisèle aliangua kilio. Lo, ilikuwa tamu! Lakini utamu haukudumu. Kina mama waliokuwa kwenye foleni walibeba makoti yao, wakawavuta watoto wao nje. Nani angekubali siri ya mwanawe itangazwe hivyo?

Daktari Thérèse alitoka nyuma ya pazia amekunja uso.

"Jeni hiyo moja hata mimi ninayo, wala siugui," alisema. "Mdogo wangu aliipata kwa baba na kwa mama pia, wote wawili, ndiyo maana aliugua akafa. Watu wakamfukuza nyanya yetu, eti ni mulozi. Akafia njiani. Niliapa kulipiza kisasi, Merveille, na ninalipiza mpaka leo. Lakini simlipizi mtu. Ninaulipiza ule uongo uliomuua. Na wewe leo umeupandisha kwenye kiti."

Merveille alishuka, akamwendea Gisèle. "Nisamehe, Gisèle."

"Na mimi nilimusema nyanya yako vibaya," Gisèle alijibu, akaenda kuketi karibu na Aganze.

"Ukitaka kisasi, mwanangu, pigana na uongo, usiuazime," daktari alisema. "Wasiochukua majibu yao wanaweza kuzaa watoto wagonjwa bila kujua. Nenda ukawarudishe."

Merveille alitimua mbio bila koti. Kituoni, Mama Sylvestre, mmoja wa waliotoka kwenye foleni, alikuwa ameshainua mguu apande basi.

"Mama Sylvestre!" alipiga kelele, abiria wote wakageuka. "Nilisema uongo! Hakuna damu ya ulozi!"

Mama Sylvestre aliushusha mguu.