Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Koa alikuwa mnene, amejikunja kwenye jani la saladi kama kamasi. Jeptoo aliishika saladi ile kwa ncha za vidole viwili na kuinyoosha mbali na gauni lake la manjano.

"Hiki ni nini?"

"Ni koa tu, dada. Ameonja akaona tamu."

"Mimi si dada yako, na sili kitu kilichotambaliwa. Niitie mwenye shamba."

"Ndiye mimi. Bravin, mtu wa Kakamega."

Parking ya kanisa pale Eagan, Minnesota, ilikuwa imejaa watu. Hawa ndio wale wanaolipia mboga theluji ikiwa bado imewafika magotini, kisha kiangazi kikianza wanakuja kila Jumamosi kuchukua sanduku lao, liwe na nini liwe. Jeptoo wiki nzima huwaosha wazee wasiojiweza kule Plymouth, na hakujiunga ili aongezewe uchafu. Alimtazama Bravin kuanzia kofia hadi gambuti zilizoganda samadi. Akavuta pumzi, akajuta. Mtu huyu alinuka matumbo ya samaki, kwa sababu ndiyo mbolea yake.

Bravin alimfuata hadi kwenye gari na saladi nyingine, ameiosha jani kwa jani. "Hii haijatambaliwa na mtu," alisema. Jeptoo akacheka bila kupenda.

Jinsi mwanamke anavyompenda mtu anayenuka hivyo mimi sielewi, na hata kusimulia kunanichefua. Lakini alimpenda, tena haraka. Kabla Juni haijafika katikati alikuwa anaendesha gari hadi shambani, nje kidogo ya Savage, kung'oa magugu huku mbu wakimla shingo na matope yakimwingia viatuni. Stroberi alizochumiwa na Bravin zilikuwa tamu, ila nusu yake zilikuwa zimeoza upande wa chini.

"Umeoga?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya Jeptoo akipiga simu.

"Mara mbili, mpenzi."

"Rudia. Ukinuka samaki sikufungulii mlango."

Bravin alicheka kila mara. Ilimuuma kila mara pia, lakini hakusema.

Siku moja Jeptoo akiwa kazini, Bravin alitumia ufunguo aliopewa akaingia kumsafishia nyumba. Alitaka arudi akute jikoni panang'aa. Chini ya sinki alikuta kibuyu kikuukuu, hakina hata ushanga mmoja. Alipofungua kizibo, harufu ilimpiga puani, na ndani kulikuwa na maziwa yaliyoganda, ya kijivu, yana vipande vya masizi. Mursik, maziwa ya mkaa ya Wakalenjin, alikuwa ameiona kwenye televisheni tu, wanariadha wakinyweshwa uwanja wa ndege; hii hakuitambua. Alitapika pale pale kwenye sinki. Kisha akamwaga maziwa, akatia sabuni ya ndimu na maji ya moto, akasugua.

"Kibuyu changu kiko wapi?" Jeptoo aliuliza hata kabla hajavua viatu.

"Nimekiosha, babe. Kulikuwa na maziwa yameharibika, hata yamenitapisha."

Jeptoo alikinusa, akaketi sakafuni. "Hiki ni cha kogo. Nyanya yangu. Alikipaka mkaa wa mti wa senetwet miaka yote, hakijawahi kuguswa na sabuni. Alizikwa mimi nikiwa hapa, naosha wazee wa watu wengine. Harufu yake ndiyo nilibaki nayo."

"Jeptoo, sikujua."

"Unashika matumbo ya samaki kutwa, halafu maziwa ya kibuyu cha nyanya yangu ndiyo yakakutapisha?"

"Kila siku ni oga, rudia, oga," Bravin alisema, sauti imempanda. "Nilidhani kwako hakuna kitu kinachoruhusiwa kunuka."

"Toka."

Jumamosi zilizofuata sanduku la Jeptoo lilikaa kanisani mpaka mboga zikanyauka. Simu hakupokea. Alijaribu kugandisha maziwa tena katika kibuyu kile, bila mkaa, maana senetwet Minnesota utaitoa wapi? Akaonja, ikamjia ndimu tupu, akatema. Hasira zikampanda upya. Akabeba kibuyu na kikombe, aka-drive hadi Savage.

Bravin alikuwa amepiga magoti akichuma njegere. Jeptoo alijaza kikombe, akamsukumia.

"Kunywa uone ulichofanya."

Bravin alifumba macho, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Ina ladha gani?"

"Sabuni," alisema. "Na moshi kidogo."

"Moshi? Usinidanganye, Bravin."

"Onja polepole. Sabuni ikipita, uko."

Jeptoo alimimina maziwa kidogo, akayashika mdomoni. Ndimu ilipita. Nyuma yake, mbali sana, mkaa wa kogo ulikuwepo. Akaanza kulia, na Bravin hakumwona, kwa kuwa alikuwa ameinama kati ya njegere anatapika.

Alipoinuka alikuwa na maziwa kwenye ndevu. "Nisamehe. Nitakunywa mpaka tumbo lizoee. Niwatume wazee kwenu lini?"

"Unaniposa hata mdomo hujafuta?"

"Nijibu kwanza."

Jeptoo alimfuta kwa kiganja chake kitupu, matapishi, udongo na yote. Hakuharakisha.

"Desemba," alisema. "Na uwaambie kwetu mgeni hupewa mursik. Waanze kujifunza kumeza."